Kaburi la Kuokoa Nyumba

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimepata wito. Si wa harusi, ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba. Kampuni ya mikopo inaomba ruhusa ya kututoa kwenye nyumba yetu hapa Nyakato, Musoma, na kuipiga mnada. Shauri litasikilizwa Alhamisi ya wiki ijayo. Karani aliyeleta karatasi alitaka nisaini kwamba nimeipokea. Nilisaini kwa madaha. Saini yangu nzuri, kila mtu anasema. Hata kampuni waliisifu siku ile ya mkopo.

Naanza shajara hii ili ukweli uwepo mahali. Mimi, Felisiani, nitajitetea mwenyewe. Mawakili ni wa watu wasiojua kuongea.

Ukweli wenyewe ni huu. Niliweka nyumba dhamana, nikanunua mashine ya kukamua alizeti, nikaifunga Bunda. Bunda wanalima pamba. Nilijua. Nani asiyejua? Lakini niliamini wakulima wakiiona mashine imekaa pale inawasubiri, wataona haya, wabadilishe zao. Huu ni msimu wa pili. Hawana haya.

Lukresia, mke wangu, ameusoma wito mara mbili, akaukunja, akautia kwenye pochi yake. Ana bahati ya kuwa na mume anayefikiri kwa niaba ya wawili. Yeye ana dagaa wake kule Mwigobero. Anaanika, anauza, hana mawazo. Anasemaga maji ya kufyatulia tofali za nyumba hii aliyabeba kichwani yeye mwenyewe, na mimba ya binti yetu Grace juu. Sikatai. Lakini ramani alichora nani?

Jioni jirani yangu Said, fundi samani, alisimama kwenye uzio akiutazama ukuta wetu. Nikamuuliza anatafuta nini. Eti anaangalia mchwa. Mchwa! Mtu anapima pa kuegeshea mbao zake siku nyumba ikiuzwa, anasingizia mchwa.

Jumatano, 10 Julai

Mpango wa kwanza. Mnada bila mnunuzi si mnada. Kwa hiyo kazi yangu ni kuifanya nyumba isitamaniwe na mtu. Tangu jana asubuhi nimekuwa nikiwanong'oneza watu kwamba ina majini. Nilimwambia kinyozi. Nilimwambia muuza chapati. Kila mmoja nilimwapisha asiseme. Kufika mchana Nyakato nzima ilikuwa inajua, sifa kwa viapo vya siku hizi.

Matokeo. Mpangaji wetu wa chumba cha mbele, nesi, mtu aliyesoma, amehama leo na kitanda chake. Kodi yake ndiyo iliyokuwa ikilipa umeme. Nilimkimbilia mpaka barabarani kumweleza kwamba majini yale ni ya mnada tu, hayamhusu. Akapandisha godoro juu ya bajaji, akaondoka.

Kisha akaja Hasna, mke wa Said, na chetezo cha ubani. Akazunguka chumba hadi chumba akisoma dua, bure kabisa, kwa ujirani. Akamaliza, akaenda bombani kuwatangazia wanawake kwamba nyumba ya Felisiani sasa ni safi, mtu anaweza kulala hata bila mlango. Bei ya nyumba nadhani imepanda.

Lukresia alirudi jioni, akakuta chumba cha mbele kitupu kinanukia ubani. Aliuliza swali moja tu, kama bado nina mipango mingine. Nilifurahi kuona anaanza kuvutiwa.

Alhamisi, 11 Julai

Bunda, kuuza mashine. Msimu wa pamba, mji umejaa watu wenye pesa na hakuna hata mmoja mwenye jicho la biashara. Mmoja aliniuliza kwa nini siitumii kukamua mbegu za pamba. Nilimweleza kwa upole kwamba mashine ni ya alizeti, imeandikwa ubavuni. Mwingine alikubali kuichukua nikimlipa gharama ya kuiondoa. Kuku wa mwenye kiwanja wametagia ndani yake. Nikachukua mayai mawili. Ni haki ya mwenye mashine.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kwa mama lishe nilikaa meza moja na Stanislausi, jamaa anayeshika kipaza sauti kwenye minada. Alikuwa anakula ugali na furu, visamaki vya ziwani, kwa hasira. Alisimulia kwamba juzi walikwenda kijiji kimoja kuuza nyumba ya mdaiwa. Nyumba nzuri, bati jipya. Wanunuzi walikuja wengi. Wakafika uani, wakakuta kaburi mbele ya baraza. Wote wakakumbuka shughuli nyingine. Nyumba haikuuzwa, na yeye hakulipwa.

Akaniuliza: "We ungenunua? Ukae na marehemu wa ukoo wa watu, hata tabia yake huijui?"

Niliacha ugali mezani. Hata mikono sikunawa.

Jinsi jambo lilivyo wazi! Kwetu Mara mtu anazikwa nyumbani kwake. Makabila yetu ni mengi na tunagombania kila kitu, lakini kwa marehemu aliyelala uani hakuna asiyeogopa. Nyumba yangu ilikuwa na kasoro moja tu siku zote: haina mtu aliyekufa.

Ijumaa, 12 Julai

Lukresia aliondoka alfajiri kwenda Mwigobero. Nikashika jembe, nikachagua mahali uani, kando ya choo.

Ardhi ya Nyakato ni mawe yaliyopakwa udongo kidogo juu. Shimo lilifika magotini, nikaona yatosha. Marehemu wangu hana haja ya kwenda chini sana. Nikafukia, nikapandisha tuta, nikalisakafia vizuri kwa ile simenti ambayo Lukresia aliinunua kwa ajili ya sakafu ya choo. Msalaba nikautengeneza kwa chaga za kitanda cha wageni. Kazi safi. Ni kitu cha kwanza nilichowahi kujenga kikaisha siku ile ile.

Likabaki jina. Hapa ndipo mtu wa kawaida angekosea. Angetaja marehemu wa kweli. Lakini ndugu zangu wote waliokufa wamelala Butiama, na makaburi yao yanajulikana mpaka na mbuzi. Ukimtaja mmoja, utaulizwa amefikaje Nyakato. Ndugu asiye na kaburi mahali popote ni yule aliye hai tu! Nikamchagua baba mdogo, Mzee Wanzagi. Yuko Butiama, hapendi mji, hana simu, na tangu nilipomuuzia baiskeli isiyo na mnyororo hatuzungumzi. Nikaandika kwa rangi nyeupe: MZEE WANZAGI, PUMZIKA.

Jioni Lukresia alirudi na beseni lake. Alilizunguka kaburi mara moja, polepole. Aliuliza simenti ni ipi. Nikamwambia. Aliuliza ndani kuna nani. Nikamwambia hakuna mtu, nikamfafanulia sheria. Aliuliza kama baba mdogo mwenyewe ana habari. Nikamwambia mambo ya kisheria hayaendi kwa kila mtu.

Akakaa kwenye ngazi. Akasema hao watu wa kampuni nao ni binadamu, wanaongeleka, na kwamba kuna jambo anataka tuzungumze kabla ya Alhamisi. Nilimwomba aliweke mpaka Ijumaa. Kabla ya Alhamisi kichwa changu kina kazi.

Jumamosi, 13 Julai

Nilisahau kitu kimoja tu. Watu.

Asubuhi nimeamshwa na kilio getini. Hasna alikuwa anakwenda kuchota maji, akaona msalaba. Chai haijachemka uani pakawa na turubai, mabenchi ya Said, masufuria matatu na wanawake wanaopepeta mchele. Wazee wa jumuiya wakaanza kuimba. Mimi nimesimama mlangoni na mswaki.

Said hakulia. Said alikuwa amekasirika. Alinivuta pembeni akaniambia: "Jirani, hapa mtaani hata mtu asiye na ndugu tunamzikaga pamoja. We umemzika baba yako mdogo kimya kimya kama mali ya wizi. Tumekukosea nini?"

Nikamjibu kwamba ndivyo marehemu alivyousia, hakutaka makuu. Akauliza aliumwa nini. Nikasema kifua. Bahati mbaya nilikuwa nimeshamwambia mzee mwingine kwamba ni presha. Mpaka adhuhuri mtaa ulikuwa umenisaidia, ikaafikiwa kwamba mzee alikuwa na kifua kilicholetwa na presha.

Ilibidi nilie. Nilifikiria mashine yangu na wakulima wa Bunda, machozi yakaja yenyewe, mengi. Watu waliguswa. Nikaletewa wali, maharage na chai ya maziwa. Huu mtaa una ukarimu, sikuwahi kuufahamu. Nilirudia sahani.

Lukresia alikaa na wanawake, khanga kichwani, hakuinua uso. Walimsifu kwa ujasiri, maana hakutoa hata chozi. Mimi hakunitazama kutwa nzima.

Jumapili, 14 Julai

Msiba unanoga. Kila anayekuja nampitisha kwanza kaburini, ili Alhamisi niwe na mashahidi wa kutosha. Wengine nimewapitisha mara mbili.

Mchana amekuja adui mwenyewe. Anuari, afisa mikopo wa kampuni. Kijana mtaratibu wa Kigera, huwa ananipigia simu kila mwisho wa mwezi na kuniamkia kabla ya kunidai. Alivua kofia getini. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Akasema: "Pole sana, mzee wangu. Ya kesi tuyaache, msiba ni msiba." Alisimama mbele ya kaburi kimya, macho chini, muda mrefu, mbele ya kisu chenyewe nitakachomchinjia! Karibu nimhurumie.

Kisha akasema ofisini wamechanga rambirambi kidogo. Nikanyoosha mkono. Akasema hapana, rambirambi ni ya mjane, na kwa heshima inafaa wampelekee wenyewe mkononi. Aliuliza mjane anaishi wapi.

Nikamwelekeza. Butiama, njia ya kulia, nyumba yenye mlango wa kijani. Nilimwelekeza vizuri sana, kwa sababu mtu mstaarabu hamwachi mgeni apotee.

Lukresia alisikia. Alisimama na birika mkononi akinitazama, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Nilidhani ni kwa fahari.

Jumanne, 16 Julai

Nimepigiwa simu na Ephraim, mtoto wa baba mdogo. Alianza kwa kuniuliza kama nina akili timamu. Ndugu wa Butiama hawajui kusalimia.

Ilivyokuwa. Jana Anuari na wenzake wawili walifika kwenye mlango wa kijani. Wakavua viatu, wakaketi, wakampa mama mdogo pole ya kufiwa na mumewe. Mama mdogo akapiga ukunga uliosikika mpaka mtoni, maana mzee alikuwa ametoka asubuhi kwenda shambani na hajarudi. Kijiji kikakusanyika. Watu walikuwa wameshaanza kutafuta mbao za jeneza, marehemu akatokea nyuma ya nyumba na jembe begani, anauliza kafa nani.

Wakamwambia ni yeye.

Ephraim anasema mzee alivuta kigoda, akakaa. Aliuliza amekufa lini. Akauliza kimemuua nini. Aliposikia ni kifua kilicholetwa na presha akatikisa kichwa, kwamba inawezekana. Akauliza amezikwa wapi. Waliposema Nyakato, hapo ndipo alipokasirika. Mtu wa Butiama kuzikwa mjini, kando ya choo, na mtoto aliyemuuzia baiskeli isiyo na mnyororo!

Rambirambi akaipokea. Alisema imekuja kwa jina lake. Hii ndiyo iliyoniuma.

Nimekaa kando ya kaburi nikawaza. Kosa langu si kujenga kaburi. Kosa langu ni kusahau kwamba huku kwetu watu wakisikia msiba wanakwenda. Wangekuwa na roho mbaya kidogo tu, ningeshinda.

Lakini sijaishiwa. Kina Wanzagi ni wengi Mara hii. Aliyelala uani kwangu ni Wanzagi mwingine. Nani atamfukua athibitishe?

Alhamisi, 18 Julai

Barazani. Suti ya harusi. Imenibana, lakini sheria inaheshimu suti.

Mwenyekiti wa baraza ni mama mmoja wa miwani, sauti ya chini. Alipotuita, Lukresia alisimama kabla yangu! Akasema kwamba tangu Mei amekuwa akizungumza na kampuni. Kwamba wamekubali alipe yeye, kidogo kidogo, kwa dagaa wake, na nyumba isiuzwe, mradi leo mimi nisipinge chochote. Anuari akatikisa kichwa kukubali. Karatasi zilikuwa tayari mezani, zinangoja kusainiwa. Mwenyekiti akanigeukia, akauliza kama nina pingamizi.

Angalia mtego ulivyotegwa. Kila kitu kimekwisha, na mimi sijasema neno! Nimekaa siku kumi najiandaa!

Nikasimama. Nikasema ninalo pingamizi. Nikasema nyumba hii haiuziki, haikopesheki, haiguswi, kwa sababu amelala humo mzee wangu Wanzagi. Nikaeleza mazishi. Nilieleza vizuri sana, karani aliacha kuandika akawa anasikiliza. Nikafika kwenye sala ya mwisho, mlango ukafunguliwa.

Baba mdogo akaingia. Koti la kijani, fimbo, kofia. Akawasalimia watu wote, akaketi benchi la mbele, akaniangalia.

Mwenyekiti akamuuliza yeye ni nani. Akasema: "Mimi ndiye marehemu, mheshimiwa. Nimekuja kusikiliza kesi yangu."

Baraza zima lilicheka. Karani alilala juu ya meza. Nikajaribu kueleza habari ya Wanzagi mwingine, lakini Anuari alisimama, akaomba radhi kwangu kwanza, kijana huyu adabu yake inachosha, kisha akasema kwa masikitiko kwamba rambirambi walimkabidhi marehemu mwenyewe mkononi.

Mwenyekiti hakucheka. Alivua miwani. Alinikumbusha kwamba kudanganya mbele ya baraza ni jambo la kumfikisha mtu jela. Halafu akamuuliza Anuari kama kampuni bado inayataka makubaliano na nyumba ya watu kama hawa, au aendelee kusikiliza ombi la kuiuza. Anuari akatazama karatasi zake. Akazipanga upya, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nyumba inaweza kwenda kweli. Siyo kwa maneno ya kwenye wito. Kwenda, milango na madirisha.

Lukresia akasimama tena. Hakuwa na suti. Alikuwa na gauni lake la kanisani, na mikono yake ilikuwa inanuka dagaa, nilikuwa nimemwambia asubuhi anawe zaidi. Akasema:

"Mheshimiwa, nyumba hii nimeibebea maji kichwani. Huyu amechimba kaburi uani, kwa simenti ya choo changu. Kama alikuwa anatafuta mtu wa kuingia humo angeniambia mimi, maana nimechokaga. Lakini sijafa. Naombeni mniache nilipe."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alivua kofia. Mimi niliona aibu, nasema kweli kabisa. Nilishindwa kumtazama. Ilikaa kidogo, kisha ikapita.

Anuari akasema kampuni inakubali, ila kwa sharti jipya. Mkopo ukiisha, hati itoke kwa jina la Lukresia peke yake. Na kuanzia leo saini ya Felisiani isihesabiwe popote katika nyumba hiyo. Mwenyekiti akaniuliza kama naelewa. Nikasema naelewa. Akanipa kalamu nisaini kwamba sitasaini. Nilisaini. Karani alisema ni saini nzuri.

Nyumba imebaki. Bila kuwasumbua kwa kaburi langu, je, wangelegea? Nauliza tu.

Jumamosi, 20 Julai

Baba mdogo hajarudi Butiama. Anasema kaburi lenye jina la mtu aliye hai halivunjwi hivi hivi, lazima ukoo uje na mbuzi achinjwe, la sivyo kifo kitakuja kumtafuta pale. Ephraim amekuja na wazee wanne. Mila hii sikuwahi kuisikia, na naona imekaa karibu sana na nyama. Lakini marehemu habishiwi. Suti yangu ya harusi imekwenda sokoni, mbuzi amekuja.

Wakala nyama. Baba mdogo akatema mate kidogo juu ya msalaba, akasema maneno ya kwetu, akapewa nyundo apige la kwanza. Alipiga kwa nguvu sana kwa mtu mwenye kifua na presha. Kisha akaniambia nimalizie mwenyewe mpaka pawe uwanja.

Said alikuja kuchukua turubai na mabenchi. Nilimwogopa. Nilidhani atadai mchele. Hakudai. Alisema tu kwamba mtaa umekaa, na umeamua misiba mitatu ijayo nitachimba mimi, wameona nina kipaji. Halafu akanionyesha nguzo ya ukuta wetu karibu na uzio. Imeliwa mchwa mpaka ndani. Alisema amekuwa akitaka kuniambia, na atatuwekea nyingine Jumatano. Mtu huyu lazima ana ajenda. Sijaijua bado.

Lukresia alikuwa anafagia vipande vya simenti anavitia kwenye beseni. Nikamwambia kwamba mwisho wa yote mambo yamekwenda vizuri. Alisema ndiyo, yamekwenda. Akaniomba kitu kimoja. Kimoja tu. Nikae. Nisifanye chochote, kwa muda, nikae tu. Nikamwahidi. Machozi yalinilengalenga, maana aliomba kwa upole, na mimi mwanamke huyu nampenda.

Jumatatu, 22 Julai

Nimekaa jana kutwa. Leo amekuja Pastory.

Pastory ni mwalimu mstaafu wa Kigera. Alikopa kwenye kampuni nyingine ili afuge bata, wakaliwa na kenge, sasa naye amepewa wito. Alikuwa mmoja wa wale niliowapitisha kaburini mara mbili. Amesikia nyumba ya Felisiani ilikwenda barazani na ikarudi. Anataka kujua ilikuwaje.

Nikamweleza. Ajabu, nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuona jinsi mpango ulivyokuwa sahihi. Kaburi lilifanya kazi yake. Dosari zilikuwa mbili ndogo za kiufundi. Kwanza, shimo lilikuwa fupi, halikuwa na mamlaka. Pili, marehemu alikuwa anatembea. Nikamuuliza Pastory kama ana ndugu asiyetoka ndani. Akafikiri, akasema ana dada yake Bunda, miguu inamsumbua. Yuko hai? Yuko hai. Nikamwambia safi sana.

Nimekwenda naye Kigera kupima. Uwanja mzuri, udongo laini, unaonekana kutoka barabarani. Nitamtoza ada ya ushauri mambo yakiisha. Nikimaliza kwake kuna wengine, Musoma hii imejaa wito. Nitamfidia Lukresia choo chake, na pengine nitamwekea na vigae. Alikuwa ametuma ujumbe kuuliza niko wapi. Nimejibu kwamba nimekaa. Ni kweli, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Pastory.

Simenti ndiyo ilikuwa shida. Pastory hana kitu, mimi sina kitu. Tukaingia duka la vifaa vya ujenzi hapo Kigera, muuzaji hanijui. Akasema mifuko atatoa kwa mkopo, ila anataka jina la mtu wa kuaminika, maana mimi ananiona leo. Nikamwandikisha Lukresia wa Nyakato, muuza dagaa. Akauliza kama huyo Lukresia ana nyumba.

Nikamwambia anayo, tangu Alhamisi.